Jicho la Bunduki

Nguruwe mwitu walikuwa wameufuata mstari. Hilo ndilo lililomchoma Lorene Sulak aliposhuka kwenye pikapu na kusimama ukingoni mwa shamba la bondeni, asubuhi moja ya katikati ya Machi. Hawakufukua ovyo kama wanyama wenye njaa. Walianza pale mashine ya kupandia ilipoanzia, wakaenda nayo hadi ilipogeukia, wakageuka nayo, shimo baada ya shimo, punje baada ya punje, kama vibarua waliokodiwa kuvuna kitu ambacho bado hakijaota.

"Ekari ngapi?" mumewe Alvin aliuliza kutoka garini. Hakuwa ameshuka.

"Kumi na moja. Pengine kumi na mbili."

"Nami nilikadiria kumi," Alvin alisema, akitazama mbele yake kupitia kioo.

Kioo kile kilielekea kijitoni. Shamba lilikuwa nyuma ya kisogo cha Alvin.

Jirani yao, Rodney Vasek, mfuga ng'ombe wa upande wa pili wa waya, alikuja taratibu akipiga buti zake kwenye nguzo ili kukung'uta tope. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu, rika moja na Alvin. Walikuwa wamebatizwa kwenye kanisa moja, wakapigwa fimbo na mwalimu mmoja.

"Alvin, niambie ukweli," alisema. "Mwaka huu unalima, au umefungua mkahawa?"

"Mkahawa. Wateja ni wengi, ila hakuna anayelipa."

"Lakini wana adabu. Angalia walivyokula kwa foleni."

Walicheka wote watatu, Lorene akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ndivyo alivyokuwa akicheka kwa miaka minne, tangu meno yake ya chini yalipong'olewa moja baada ya jingine. Kisha Rodney akaacha kucheka na kuwaonyesha waya. Nguruwe walikuwa wamepita chini yake na kuacha shimo ambalo hata ng'ombe angeweza kulipenya akiinama.

"Nitaliziba Jumamosi," Rodney alisema.

"Kila Jumamosi unaliziba," Alvin alimjibu, "na kila Jumapili wanalizibua. Wale hawaendi kanisani."

Mbegu iliyobaki ghalani ilitosha kupanda mara moja tu. Aprili ikiingia, hapangekuwa na maana tena ya kupanda. Jua la Texas lingeyakuta mahindi yakitoa maua na kuyachoma. Mavuno ya miaka miwili iliyopita yalikuwa yameshindwa, na mwezi Februari ofisa wa benki, kijana mpole mwenye mikono misafi, aliwaambia kwamba mwaka huu wa tatu ndio wa mwisho ambao angeweza kuutetea mbele ya wakubwa wake. Kwa hiyo hesabu ilikuwa fupi. Wapande tena wiki hiyo, kisha wayalinde mahindi kwa usiku kumi na mbili, hadi miche itoe majani na punje ardhini isiwe tena chakula cha nguruwe. Wakishindwa, ekari hizi arobaini, zilizobaki kati ya mia tatu za baba yake Alvin, zingeuzwa.

*

Lorene ndiye aliyeendesha gari kwenda mjini. Alikuwa akiendesha yeye kwa mwaka mzima sasa, kwa sababu ya goti la Alvin. Hivyo ndivyo walivyowaambia watu.

Duka la pembejeo lilikuwa na rafu nzima ya vifaa vya usiku, na kijana wa kuisimamia aliyeitwa Colby. Aliwaongoza hadi stoo ya nyuma, chumba kirefu kisicho na dirisha, akafunga mlango na kuzima taa. Huko mwisho alikuwa amepanga magunia na maboksi, na kila mnunuzi alitakiwa kuyatazama kwa kifaa kimoja baada ya kingine na kusema anachokiona.

"Taa nyeupe tuisahau, mzee," Colby alisema gizani. "Nguruwe wa siku hizi wamesoma kuliko mimi. Ukiwasha nyeupe, wameshafika kaunti nyingine. Hii hapa ni nyekundu. Haiwashtui, lakini haifiki mbali."

Alvin alitazama. "Hafifu," akasema.

"Basi hii ya kijani. Inafika mbali zaidi. Wale wazee wao wanaijua, lakini vijana bado wanadanganyika."

"Hii ina duara la ukungu. Kama taa ya gari wakati wa mvua."

"Ukungu?" Colby alisita kidogo, kisha akampa ya tatu, darubini ya kidijitali inayotumia mwanga ambao jicho la mtu halioni. "Jaribu hii. Soma kilichoandikwa kwenye gunia la kushoto."

Lorene alisikia pumzi ya mumewe ikipita puani.

"Kioo chake kimechafuka," Alvin alisema hatimaye. "Mama, hebu tazama wewe."

Lorene aliipokea. Aliona gunia la kushoto kana kwamba liko mapajani mwake: *Chumvi ya ng'ombe, ratili hamsini, weka mahali pakavu.* Aliona uzi uliofumuka kwenye mshono. Aliona, juu ya pembe ya boksi, utando wa buibui na buibui mwenyewe ndani yake. Alijaribu tena kile cha taa nyekundu, kisha cha kijani, na vyote vilikuwa safi. Nyuma yake kijana wa dukani alikuwa akingoja, na kando yake mwanamume aliyeishi naye miaka thelathini na minne alikuwa akingoja pia.

"Kweli," Lorene alisema. "Kina uchafu."

"Ajabu," Colby alisema. "Nilikifuta asubuhi."

Kisha akaleta ya nne. Hiyo haikuhitaji mwanga wowote. Ilikuwa darubini ya joto, ya kufungwa juu ya bunduki, na ilionyesha chochote chenye damu ya moto kama umbo jeupe kwenye ulimwengu wa kijivu. Colby alikwenda kusimama nyuma ya maboksi na kutoa kichwa.

"Namwona," Alvin alisema. Sauti yake ilibadilika. "Lorene, namwona. Namwona mpaka masikio. Kijana, umevaa kofia?"

"Ndiyo, mzee."

"Umeivaa nyuma mbele."

"Ndiyo, mzee."

Alvin alicheka peke yake gizani. Lorene hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikuwa amekisikia kicheko kile. Herufi zilikuwa zimemkimbia, na nyuso, na alama za barabarani. Lakini joto halina herufi. Umbo jeupe lenye makali hafifu lilimtosha mtu ambaye kwa mwaka na nusu hakuwa ameona hata hilo.

Colby aliwasha taa. Bei ilikuwa dola elfu mbili, mia nane na hamsini. "Ila sikiliza, mzee," akasema, "hii inakuambia kwamba kuna kitu. Haikuambii ni nani. Kwetu tunasema joto kwanza, taa pili, kidole mwisho. Ukiona joto, washa taa uhakikishe, ndipo ufyatue. Chukua na ile nyekundu. Nitakupunguzia."

Alipokwenda kutafuta boksi, Lorene alimshika mumewe kiwiko kati ya rafu za dawa za mifugo.

"Mtoto wa jicho hutolewa asubuhi moja tu," alisema kwa sauti ya chini. "Dada yangu alirudi kabla ya chakula cha mchana."

"Nani ana mtoto wa jicho?"

"Alvin."

Aligeuza uso na kutazama, au kuelekea, sindano za chanjo. "Miezi kumi na tisa," akasema. "Nikitimiza sitini na tano serikali inalipa matibabu. Nimehesabu. Ulidhani sijahesabu?"

"Nilipiga simu kliniki. Jicho moja ni elfu tatu na mia tano."

"Na wewe unazo elfu tatu. Za meno. Hazitoshi jicho la mtu. Zinatosha la bunduki."

Lorene alizikusanya fedha zile za meno ya bandia kwa kusafisha ukumbi wa parokia na kushona mablanketi ya viraka, mwaka hadi mwaka. Alizitoa kwenye bahasha na kumhesabia Colby juu ya kaunta. Colby alipotoa mzaha kuhusu nguruwe atakayekuwa wa kwanza kuonja kifaa kile, Lorene alitabasamu huku ameziba mdomo.

*

Walipanda tena kwa siku mbili, Lorene akiendesha trekta. Kisha usiku ukaanza, na katika usiku ule wakajitungia utaratibu ambao hawakuuzungumzia kamwe.

Pikapu iliegeshwa kwenye kilima kidogo juu ya shamba. Alvin aliketi nyuma, bunduki juu ya kiegemeo chake, jicho kwenye darubini. Lorene aliketi pembeni yake na kurunzi nyekundu.

"Watatu," Alvin angesema. "Kulia, karibu na mti uliolala."

Lorene aliwasha, akatazama. "Paa."

"Sawa. Mwingine yuko peke yake, mstari wa chini."

"Sungura, Alvin. Mwache alale."

"Kundi. Mkubwa yuko mbele."

"Nguruwe," Lorene alisema, na ndipo mlio ulipolia, ukaenda hadi kijitoni na kurudi.

Alvin hakuisahau kanuni aliyofundishwa na baba yake: katika kundi, anza na umbo kubwa zaidi. Kubwa ndilo jike, na jike ndiye anayezaa wengine. Kwa usiku sita aliua nguruwe tisa. Kila jioni kabla ya kuanza, Lorene alimwandikia Rodney ujumbe kwamba wanakwenda bondeni, kwa kuwa sauti ya simu ilikatikakatika kule chini na watu wa pande zile walizoea kuandikiana. Na Rodney alijibu, naye Lorene akasoma jibu kwa sauti. "Anasema, 'Msiniulie ng'ombe, wengine ni weusi kuliko dhambi zako.'" Alvin alimwambia ajibu kwamba dhambi zake hazina pembe.

Asubuhi ya siku ya saba, sindano za kwanza za kijani zilitoka ardhini. Lorene alichuma moja na kumwekea Alvin kiganjani. Aliipapasa kwa kidole gumba, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

*

Jioni ile kulikuwa na rozari ya marehemu Albina Marek, mama mzee aliyemfundisha Lorene kushona. Kukosa kwenda kusingewezekana, na kwenda mikono mitupu kungekuwa vibaya zaidi. Alioka sinia mbili za kolachi, mikate midogo mitamu ya plamu, na kuzifunika kwa taulo.

"Nenda," Alvin alimwambia. "Mimi nitaketi tu pale kilimani na kuangalia. Leo sifyatui."

"Niahidi."

"Nimeshasema, mama. Nenda ukamwombee Albina."

Alirudi saa tatu usiku. Gari la Rodney lilikuwa mbele ya nyumba, injini ikinguruma, na ndani ya gari, kwenye sakafu mbele ya kiti cha abiria, kitu kilicholowa kilikuwa kikitetemeka ndani ya koti la mtu. Lorene aliingia jikoni na sinia tupu mkononi. Alvin alikuwa ameketi mezani akiwa amevaa kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. Bunduki ilikuwa mbele yake, na simu kando ya bunduki. Rodney alisimama karibu na sinki. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwekundu kwa damu hadi begani.

"Si yangu," Rodney alisema. "Ni ya ng'ombe. Kaa chini, Lorene."

Hakukaa.

"Alipita kwenye lile shimo la waya. Akaenda kuzalia upande wenu, pale kijitoni. Ndama alikuwa ametanguliza miguu ya nyuma. Nimepiga magoti, nimeinama, mkono wote umo ndani. Taa yangu nimeiweka chini, nyuma ya mgongo wake, isimtishe. Nikasikia mlio. Ng'ombe akalegea. Mimi nikadhani amechoka kusukuma." Aliutazama mkono wake. "Nimemvuta ndama kutoka kwa mfu."

"Mungu wangu," Lorene alisema.

"Nilituma ujumbe. Nilituma mapema, nikasubiri, nikauona umefika. Alvin, si umefika?"

Lorene aliweka sinia chini na kuichukua simu. Herufi zake zilikuwa kubwa kupita kiasi, neno moja likijaza nusu ya kioo; yeye mwenyewe alikuwa amezikuza hadi mahali zilipogoma kukua tena. Aliusoma kwa sauti, kama alivyozoea kusoma kila jioni, na alikuwa ameshafika katikati alipogundua anachokifanya.

"'Ng'ombe wangu mmoja yuko upande wako karibu na kijito, anazaa. Nakwenda kumsaidia. Usifyatue mpaka nikuandikie tena.'"

"Nilidhani ni wewe," Alvin alimwambia mkewe. "Nilidhani unasema utachelewa."

"Ungeufungua," Rodney alisema.

"Niliufungua."

Jokofu lilinguruma, likanyamaza. Rodney alimtazama Alvin, kisha simu iliyokuwa mkononi mwa Lorene na herufi zake kubwa kama za kitabu cha mtoto, kisha Alvin tena.

"Goti," akasema polepole. "Mwaka mzima mnaniambia goti."

Lorene aliilaza simu mezani, kioo chini.

"Na taa? Unayo taa, Alvin. Kwa nini hukuwasha taa?"

"Ningewasha nione nini?"

Rodney alifungua bomba, akaanza kunawa, akaona maji hayatoshi kwa damu ile, akalifunga. "Sitampigia mkuu wa polisi," alisema. "Nitasema amekufa akizaa. Huo si uongo mkubwa."

"Nitakulipa."

"Kalale, Alvin." Alipofika mlangoni aligeuka. Hakumtazama Alvin. "Lorene, ulijua."

"Nilijua," Lorene alisema.

Gari lilipokwisha kuondoka, walibaki jikoni na taa ikiwaka. Lorene alimvua mumewe kofia na kuitundika mahali pake.

"Niliahidi," Alvin alisema. "Lakini walikuwa kwenye mstari, mama. Wamelala pale pale kwenye mstari."

"Najua."

"Yalikuwa maumbo mawili. Moja kubwa, na jingine dogo limeinama kando yake. Nikasema, jike na mwanawe."

"Usiendelee."

"Nikachagua lile kubwa," Alvin alisema. "Ningeweza kuanza na lile dogo. Lilikuwa limetulia zaidi."

*

Asubuhi Alvin aliifungua darubini kutoka kwenye bunduki, skrubu moja baada ya nyingine, kwa vidole peke yake, na kuirudisha kwenye boksi. Lorene alimpeleka kwa akina Vasek. Alikuwa na ombi lake ambalo hakumwambia mumewe: kwamba Rodney aichukue kama malipo ya ng'ombe, na kama moyo wake unaruhusu, aitumie kuwalindia shamba usiku kwa siku tano zilizobaki.

Charlene Vasek, mkewe Rodney, alitokea mlangoni. Katika miaka thelathini Lorene hakuwahi kufika kwenye mlango ule asisikie neno kahawa kabla hajamaliza ngazi. Safari hii Charlene alipokea boksi, akalishika tumboni kwa mikono yote miwili na kubaki pale pale kizingitini.

"Rodney yuko zizini," alisema. "Anamnywesha ndama."

"Nilitaka nimwombe—"

"Hatatia mguu bondeni usiku, Lorene. Si kwa sababu ya nguruwe." Alilibana boksi zaidi. "Alirudi akakaa bafuni saa nzima. Sikusikia maji yakimwagika."

Alvin alikuwa amebaki garini. Alisikia kila neno, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazima, na njia nzima ya kurudi aliweka mikono yake juu ya magoti kama mtu anayesubiri kuitwa.

Walifanya walichoweza. Waliacha redio ikipiga kelele katikati ya shamba, ikisoma bei za pamba na mahubiri. Waliacha kurunzi nyekundu ikining'inia kwenye mti, ikizunguka kwa upepo. Lorene alilala ndani ya pikapu akipiga honi kila alipozinduka. Usiku wa kwanza nguruwe hawakuja, na wa pili pia. Wa tatu, mvua ndogo ilinyesha na kulainisha udongo, na Lorene, aliyekuwa na miaka hamsini na tisa na hakuwa amelala vizuri tangu katikati ya mwezi, hakuzinduka hadi kulipokucha.

Alisimama kwenye kilima. Redio ilikuwa bado ikizungumza. Walikuwa wameanza pale mashine ilipoanzia. Walikwenda nayo, wakageuka nayo, wakarudi, ekari kwa ekari, na kila mahali palipokuwa na sindano ya kijani sasa palikuwa na kishimo kilichojaa maji ya mvua, na kila kishimo kilibeba kipande kidogo cha mbingu. Ghalani hapakuwa na mbegu. Keshokutwa ilikuwa Aprili.

Alirudi nyumbani kumchukua Alvin, kwa kuwa kila asubuhi alimchukua. Aliegesha pale pale, kioo kikielekea kijitoni.

"Vipi?" Alvin aliuliza.

Lorene alizima injini. "Mahindi yamesimama," akasema.

Alitegemea kwamba Alvin angebaki garini. Badala yake alifungua mlango, akashuka, na kuanza kutembea kuelekea sauti ya redio. Hatua yake ya kwanza shambani ilizama hadi kifundo. Aliutoa mguu, akaupeleka mbele, ukazama tena, na tena, na tena, kwa nafasi ile ile ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameipima kwenye mashine ya kupandia mwaka hadi mwaka. Kwenye shimo la tano alisimama. Maji yalikuwa yameingia butini. Alibaki amempa mkewe mgongo, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesoma.

"Eeh," alisema hatimaye. "Yamesimama vizuri."

Kisha akanyoosha mkono wake nyuma, bila kugeuka, na kungoja.